Kidole cha kakangu kimekatika ncha, kliniki inataka kumdunga mafuta ya tumbo ati kimee. Hii kitu ni ya ukweli?

DadaKaptembwo

Habari zenu wadau. Naomba wenye wanajua mambo ya vidonda ama wamewahi kupitia hii wanisaidie kabla hatujaamua, maana hapa nyumbani kila mtu ako na maoni yake na hakuna anayesikiza mwingine.

Kakangu mdogo anafanya kazi kwa karakana ya mbao hapa Nakuru, upande wa Industrial Area. Wiki jana msumeno wa umeme ukampitia kidole cha shahada mkono wa kulia. Haukukata kidole chote, ulichukua ile nyama ya mbele na kipande cha ukucha, ukiangalia kwa upande unaona ni kama penseli imechongwa vibaya. Hospitali ya kwanza walikiosha, wakapiga picha, wakamdunga ya pepopunda na kumpa dawa, alafu wakamwambia kuna njia mbili: ama mfupa upunguzwe kidogo ndio ngozi ivutwe ishonwe, ama kifungwe tu vizuri kiachwe kijifunge chenyewe. Hapo kwa "kijifunge chenyewe" ndio mama alikataa, anasema hao wamemtupa mtoto wake.

Sasa rafiki yake akampeleka kliniki fulani hapa town (jina nitaweka kwangu). Wamemwambia watamtoa mafuta kidogo tumboni, wayapitishe kwa mashine, watoe seli shina (ati seli zinazoweza kugeuka kuwa nyama ya aina yoyote), wadunge pale kwa ncha, na nyama, ukucha na hisia zote zitarudi venye zilikuwa. Bei ni laki na nusu, bima ya SHA haiingii hapo, na wanataka nusu kabla Ijumaa ndio wampunguzie. Mama tayari anaongea na mtu wa kununua ng'ombe huko Njoro.

Kuna mtu amefanyiwa hii? Ama tunaibiwa?

FundiKibuye

Pole sana dada, mpe kijana pole zangu. Mimi ni fundi wa vyuma hapa Kibuye Kisumu, na kidole changu cha kati kilienda na grainda, nyama yote ya mbele kwaheri. Nilikimbizwa Russia (wageni, ndio hospitali ya rufaa ya Jaramogi, JOOTRH hiyo), nikajua leo nashonwa, daktari akaangalia akasema hashoni kitu. Akaosha, akafunika na ile karatasi ya plastiki laini inanata, akaniambia nirudi wiki ijayo na nisikifungue. Nilitoka pale nikiwa na hasira kama ya mama yako.

Sasa sikiza, maana hii hakuna mtu aliniambia mapema. Chini ya ile plastiki kunajaa maji ya rangi ya kahawia hivi, na yananuka. Ananuka mtu mpaka kwa matatu watu wanageuka. Bibi yangu akasema kimeoza, turudi tukakatwe. Kufika, nesi akatoa karatasi, akapangusa yale maji, na chini yake kulikuwa na nyama nyekundu safi iko na chembechembe ndogo ndogo, haina usaha hata kidogo. Kumbe yale maji ndio dawa yenyewe, kidonda kinataka unyevu, si kukaushwa juani venye tulifundishwa na wazee. Wakabadilisha karatasi hivyo kila wiki, ngozi ikawa inaingia kutoka pembeni pole pole mpaka ikakutana katikati.

Saa hii nyama ni ndogo kidogo kuliko zamani, ukucha umeinama mbele kidogo, na asubuhi kukiwa na baridi ya ziwa kinauma. Lakini nashika fimbo ya kuchomea, nashika skrubu ndogo, na kwa vidole najua noti ya mia na ya hamsini. Ng'ombe asiuzwe kwanza.

WaKondele254

Fundi usiharibie watu, teknolojia iko. Kuna mzee Marekani kidole kilikatwa na panga ya ndege ya kuchezea, wakamwekea unga fulani, kidole kikamea chote na ukucha na alama za vidole. Hiyo ilikuwa kwa habari dunia nzima. Huku kwetu ndio tuko nyuma, mtu akileta kitu mpya mnasema ni mwizi.

NesiWaZamu

Dada Kaptembwo pole. Mimi ni nesi, nimekaa kwa chumba cha vidonda muda mrefu hapa western, wacha niandike kirefu na mnisamehe.

Kwanza huyo mzee wa WaKondele. Anaitwa Lee Spievack, ni wa Cincinnati, ilikuwa 2005. Ule unga haukuwa mafuta ya mtu wala seli shina, ulitengenezwa kwa kibofu cha nguruwe, na aliyempa ni ndugu yake mwenyewe aliyeanzisha kampuni ya kuutengeneza. Madaktari wa mikono walipoangalia ile kesi wakasema kidonda cha aina hiyo, ncha tu, kingepona vile vile bila unga. Hapo ndio shida ya hii biashara yote ya ncha za vidole ilipo. Ncha ya kidole ni sehemu moja ya mwili wa binadamu inayojitengeneza vizuri ajabu, kwa hivyo chochote utakachopaka juu yake, hata kama ni samli, kidonda kikipona utasema ni samli. Mwaka wa 1974 daktari Illingworth wa Sheffield, Uingereza, aliandika kuhusu watoto waliokatika ncha na hawakushonwa, vikarudi vizuri mpaka ukucha. Na kwa panya watafiti walionyesha 2013 kwamba siri iko kwa shina la ukucha, seli za pale ndizo zinaamsha mfupa na nyama. Shina likibaki, kuna kitu cha kufanyia kazi. Likienda, basi. Mtu mzima hafiki kiwango cha mtoto, lakini ngozi na nyama za kutosha hurudi.

Sasa mafuta. Si uchawi na si uongo mtupu, ndio maana inachanganya watu. Kujaza mafuta ya mtu kwa mwili wake mwenyewe ni kitu cha zamani, Neuber Mjerumani alifanya 1893. Mwaka wa 2001 Zuk na wenzake kule UCLA, Los Angeles, wakaonyesha kwamba yale mafuta yanayofyonzwa na kutupwa yana seli ambazo kwa maabara zinaweza kugeuzwa kuwa mfupa, gegedu, misuli. Hapo ndio neno seli shina likaingia sokoni. Lakini kwa maabara si kwa kidole! Kwa kidonda, wanachofikiria watafiti wengi ni kwamba hizo seli hazigeuki kuwa kidole, zinatoa kemikali za kuita mishipa midogo ya damu na kutuliza uvimbe, na baada ya muda nyingi zinakufa. Hiyo ni kusaidia kidonda, si kumea kidole.

Alafu kuna aina mbili na muulize hiyo kliniki ni ipi. Moja ni mafuta yanasukumwa kati ya sindano mbili zilizounganishwa, huku na huku mara nyingi mpaka yanakuwa maji maji, alafu yanachujwa. Tonnard wa Ubelgiji ndiye alielezea hiyo 2013, wanaita nanofati. Ukishayasaga hivyo seli za mafuta zenyewe zinakufa, kwa hivyo haiwezi kujaza shimo, inabaki ile ya kusaidia ngozi na kovu tu. Sasa mtu akikwambia nanofati itarudisha NYAMA ya kidole, amejikanyaga mwenyewe. Ya pili ni kuyeyusha mafuta na kimeng'enya kinaitwa kolajenesi, kuzungusha kwa mashine, na kuchukua seli zilizokaa chini. Hiyo inataka maabara safi kabisa, si chumba kina feni na kalenda ya duka la dawa. Marekani hiyo ya pili serikali inaihesabu kama dawa, lazima ipitishwe kwanza. Kule Florida kina mama watatu walidungwa hizo seli za mafuta kwa macho, wakapofuka, ripoti ikatoka 2017, na kesi ya serikali dhidi ya kliniki mahakama ya rufaa iliimaliza 2021, kliniki ikashindwa. Kesi ya kliniki nyingine ya California nayo ikaenda hivyo hivyo kwa rufaa 2024.

Na hata wale wakubwa wenye maabara wanaanguka. Ulaya kulikuwa na dawa moja ya seli za mafuta iliyoruhusiwa 2018, inaitwa Alofisel, ya vidonda vya njia ya haja kwa watu wa ugonjwa wa matumbo unaitwa Crohn. Utafiti mkubwa wa baadaye ulipolinganisha na dawa ya kuigiza isiyo na kitu ndani haukuonyesha tofauti, mwisho wa 2024 ikaondolewa sokoni. Sasa hao walikuwa na pesa, madaktari na wagonjwa wengi. Huyu wako ako na punguzo la Ijumaa.

Kwa vidole kuna madaktari wameandika kwamba walijaribu mafuta kwa ncha, wagonjwa wachache wachache, wengi hawakulinganishwa na waliofungwa tu. Na kwa kidonda kinachopona chenyewe, bila kulinganisha hujui kitu.

Dada nijibu haya mawili tu: mfupa unaonekana kwa macho? Na ukucha umebaki kiasi gani upande wa nyuma, kale kamwezi keupe kapo? Hapo ndio shina.

WaKondele254

Sawa nesi nimekusikia, hiyo ya kibofu cha nguruwe sikujua 😂 lakini mbona basi madaktari wakubwa wanadunga matajiri mafuta kwa mikono?

NesiWaZamu

Kwa makovu na mikono iliyokonda wanadunga, na hiyo haikatazwi, ni sajari (upasuaji) ya kawaida. Kidonda kibichi cha wiki moja ni mambo mengine.

KovuLaMilimani

Mimi naweza jibu hiyo ya mwisho maana nimefanyiwa. Niliungua mkono na mafuta ya chapati (mafuta tena, hii dunia), kovu likashikana na kitu chini, nikigonga kidole kwa meza nalia. Miaka baadaye daktari wa sajari Nairobi alinitoa mafuta tumboni akadunga chini ya kovu. Mafuta ya kawaida, si ya kusagwa, hakuna aliyeniambia seli shina. Aliniambia wazi kwamba sehemu ya hayo mafuta mwili utayala na huenda nirudi tena, na hakuahidi kovu litatoka. Maumivu yalipungua sana na ngozi ikaanza kuteleza. Kovu lenyewe bado liko hapa naliangalia.

Tumbo ndio lilinisumbua, nilikuwa na alama ya bluu kama nimepigwa, na kukohoa ilikuwa kazi. Watu wanasema "ni mafuta yako mwenyewe haina madhara" wanasahau kuna mahali yametolewa.

Kitu ningemwambia dada ni hiki: mimi nilingoja kovu likomae kwanza. Kama kidole cha kijana kitapona alafu kiwe na ncha nyembamba inauma, hapo ndio swali la mafuta linaweza kuja, na hata hapo kwa mtu wa sajari mwenye jina.

DadaKaptembwo

Asanteni sana, nimesomea mama kwa sauti yote mpaka ya harufu kwa matatu, amecheka mara ya kwanza tangu hii maneno ianze.

Nesi: nimeangalia leo wakimbadilisha. Kamwezi keupe kapo, ukucha umekatika kama nusu mbele. Mfupa sikuuona, kuna nyama nyekundu na kitu kama utando wa manjano katikati. Kwa picha daktari alisema ncha ya mfupa imechubuka kidogo tu. Huo utando si usaha? Na anavuta sigara, si nyingi, jioni na wenzake.

Nilipigia kliniki nikauliza wanatumia kimeng'enya ama kusukuma kwa sindano. Mtu wa mapokezi akasema hiyo ni siri ya kampuni. Nikauliza daktari ni nani nimtafute kwa orodha ya KMPDC (baraza la madaktari), akasema nije ofisini tuongee.

NesiWaZamu

"Siri ya kampuni" 😅 Daktari wa kweli hawezi kukuficha jina lake. Kule KMPDC majina yako wazi kwa tovuti yao, na hospitali pia, unatafuta tu. Na kama wangekuwa kwa utafiti halali ungepewa karatasi za kamati ya maadili usaini, na kwa kawaida mtu hatozwi pesa kwa dawa inayojaribiwa juu yake.

Huo utando wa manjano bila joto, bila uvimbe unaopanda mkono, bila maumivu yanayozidi usiku, mara nyingi ni kitu cha kawaida cha kidonda kinachopona, wasiukwangue. Usaha unatoka ukibinya, unanuka tofauti, na mtu mwenyewe anajisikia vibaya. Akipata homa ama mstari mwekundu unaopanda mkono, hapo hakuna kungoja Jumatatu.

Kwa ulichoeleza, shina lipo na mfupa hauko nje, hicho ndicho hasa kidonda cha kufungwa na kuachwa. Hesabu ni wiki nne mpaka sita hivi ngozi ifunike, wengine wanapita hapo. Ukucha unakua kama milimita tatu kwa mwezi, kwa hivyo asianze kuulilia mwezi wa kwanza. Lakini mpelekeni kwa daktari wa mifupa ama wa sajari pale hospitali ya rufaa ya kaunti amwangalie mara moja, maana mimi naongea na kidole sijakiona. Kama mfupa ungekuwa nje kungekuwa na njia, si lazima kukata. Kuna ya kuvuta ngozi ya kidole chenyewe kwa umbo la V, Atasoy alielezea 1970 na bado inafanywa kila mahali, na kuna ya kuazima ngozi kidole cha jirani, unakaa vidole viwili vimeshonwa pamoja kwa muda.

Sigara awache kabisa kwa sasa. Si mahubiri. Sigara inabana ile mishipa midogo ya damu, na ncha ya kidole haina mingine. Ukimwambia analipa laki na nusu kuita mishipa ya damu huku anaifunga kwa shilingi ishirini ataelewa haraka.

Na ngozi ikishafunika aanze kuzoesha: asugue polepole na kitambaa laini, alafu kigumu, ashike mchele, mchanga. Wengi wanakificha kidole, wanafanya kazi na vile vinne, na ubongo unakizoea hivyo, mwaka unaisha kidole kimepona lakini hakitumiki.

MtuWaMuhoroni

Mmeongea matibabu yote na hakuna ameuliza NANI ANALIPA. Huyu kijana alikatwa kazini! Mimi nilikuwa kwa kamati ya wafanyakazi kiwandani huku kwa miwa, vidole nimeviona.

Iko sheria inaitwa WIBA ya 2007. Mfanyakazi akiumia kazini tajiri (mwajiri wake) ndiye anabeba matibabu, pamoja na pesa ya siku hajafanya kazi, na kukibaki ulemavu, hata ncha ya kidole, unapimwa kwa asilimia na kulipwa. Haijalishi ni karakana ndogo. Haijalishi hana barua ya kuajiriwa, kama wenzake wanaweza kusema huwa anafanya pale. Tajiri akishaambiwa anatakiwa kupeleka ripoti kwa ofisi ya usalama kazini (DOSHS) kwa siku 7. Na ajali isiporipotiwa kwa tajiri miezi 12 ikapita, haki imepotea, kwa hivyo hata kama alimwambia kwa mdomo, mwandikie pia, hata ujumbe wa simu, na uweke. Weka risiti zote mpaka ya bodaboda. Piga picha ya kidole kila mara kinapofunguliwa.

Matajiri wengi wana ujanja mmoja, anakuja nyumbani na elfu kumi na sukari, mnamshukuru, mnasaini karatasi. Someni hiyo karatasi.

DadaKaptembwo

Wueh. Alikuja jana. Elfu nane na mkate. Karatasi hajaleta bado, alisema atatuma kijana na kitu ya kusaini.

MtuWaMuhoroni

Pesa pokeeni, ni ya matibabu, andika tarehe na kiasi. Karatasi ipige picha unitumie hapa ukificha majina, na kijana asiweke hata kidole gumba.

FundiKibuye

Na sukari hakuleta?? Huyo ni mkono birika kabisa.

DadaKaptembwo

😂😂 Hakuleta. Tumekubaliana hivi: Jumatatu tunaenda hospitali ya rufaa aangaliwe na daktari wa mifupa, kliniki nimewaambia tusubiri, wameanza kunipigia na namba tofauti tofauti ati bei imeshuka mpaka elfu tisini. Mama amempigia yule wa Njoro akamwambia ng'ombe ako na mimba, hauzwi. Sijui kama ni kweli.

Fundi swali la mwisho, ile karatasi ya plastiki inapatikana kwa duka la dawa ama ni hospitali tu?

FundiKibuye

Duka kubwa la dawa utapata, uliza ya kufunika kidonda ile inaonyesha ndani, si plasta ya kawaida. Lakini ya kwanza aweke nesi umwangalie mkono wake, maana ikibanwa sana kidole kinageuka bluu. Na mnunulie kijana kiti cha mbele kwa matatu, dirishani.